Krismasi ya Kununua na Krismasi ya Kutengeneza

Kila Desemba ndugu zetu waliohamia mijini hushuka kwenye mabasi, wakatazama huku na huku, kisha wakatuhurumia: "Jamani, Simbo hakuna Krismasi!" Hawaoni taa za rangi, wala mti wa plastiki, wala ukumbi wenye viti vilivyovikwa vitambaa. Mimi napinga kauli hiyo, na napinga bila kuomba radhi. Krismasi ipo Simbo, tena ipo kwa sababu hatuinunui.

Ndugu msomaji, hebu tazama inavyotengenezwa. Tangu Novemba wanakwaya hukutana jioni, miguu ingali na udongo wa shamba, wakajifunza sauti nne bila kinanda. Watoto hufinyanga ng'ombe na wachungaji kwa ajili ya pango, na kama punda anafanana na mbuzi hakuna anayelalamika. Vijana hukata makuti ya michikichi na kupamba mlango wa kanisa. Mkesha wa sikukuu fundi cherehani halali. Huyu analeta chupa ya mawese, yule migebuka kutoka mwaloni, mwingine hana kitu ila kuni na mikono yake. Wote wanakula, na hakuna daftari la nani alitoa nini.

Tena hatuli peke yetu. Huku kwetu, jirani na Ujiji, Mkristo na Mwislamu wanachangia ukuta. Jirani yangu Mwislamu ndiye anayeshika kisu asubuhi ya Krismasi, ili nyama iwe halali kwa kila atakayekuja. Idi ikifika, sahani inarudi kwangu. Tusilione jambo hili kuwa dogo. Mwaka 2013 huko Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulimwaga damu na mchungaji akauawa. Krismasi ya kutengeneza inamhitaji jirani. Ile ya kununua inahitaji fedha tu.

Watasema nausifu umaskini. La hasha. Mwenye ziada na anunue taa zake, namtakia heri. Ninachogombana nacho ni Krismasi ya deni. Desemba kwetu ni mwezi wa mvua na jembe, ghala limepungua, na Januari shule zinafunguliwa. Ada katika shule za msingi na sekondari za serikali imeondolewa, lakini sare na madaftari bado vinamsubiri mzazi. Nimemwona baba akiuza mahindi yangali machanga shambani, kwa bei ya kutupa, ili wanawe wavae kama watoto wa mjini siku moja. Januari mmoja wao alibaki nyumbani kwa kukosa sare. Nimeona pia, mahali ambapo sitapataja, kamati ikiweka kiingilio cha chakula cha Krismasi. Waliokosa walisimama nje wakichungulia dirishani. Mtoto aliyezaliwa horini kwa kukosa nafasi katika nyumba ya wageni, leo tunamfanyia sherehe kwa kufunga mlango!

Na wanaodhani sikukuu ya kuiga ndiyo kubwa, wakumbuke Krismasi ya mwaka 1871 pale Ujiji. Livingstone na Stanley waliazimia kuiadhimisha kama kwao. Sokoni Ujiji, na kwa mzee Mwinyi Heri, walipata kondoo mnono, mbuzi, mayai, maziwa, ndizi, samaki, vitunguu na viazi vitamu. Stanley mwenyewe aliandika kwamba mpishi wao, Faraji, aliiharibu nyama ya kuoka na kuiunguza kastadi, na karamu ikawa si karamu. Lawama akatupiwa mpishi. Mimi namtetea Faraji. Ujiji ilitoa kila kitu kizuri, akadaiwa upishi wa Uingereza. Laiti wangemwachia samaki wake na ndizi zake, nathubutu kusema wangekula wakashiba. Na tusisahau kwamba hata siku hiyo Mkristo aliandaliwa Krismasi yake kwa mkono wa jirani Mwislamu.

Hata hayo tunayoyaiga hayakuanzia madukani. Pango la Krismasi linalojulikana dunia nzima lilipata sifa kwa Fransisko wa Asizi, mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, Italia, kwa nyasi kavu, ng'ombe na punda. Wimbo tunaouita "Usiku Mtakatifu" uliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 huko Oberndorf, mji mdogo wa Austria, padre msaidizi akipiga gitaa na mwalimu wa shule akiimba naye. Walitumia walichokuwa nacho, na dunia ikawafuata. Sisi wenye michikichi na ziwa tuna sababu gani ya kuona haya?

Kwa hiyo, wewe uliye Dar es Salaam au Mwanza, fedha ulizotaka kununulia mapambo mpe mama anunulie madaftari ya Januari. Kisha uje siku mbili kabla, si asubuhi ya sikukuu. Kuna maji ya kuchota, kuna makuti ya kukata, na sauti ya besi imepungukiwa na watu. Ukimaliza kazi hiyo, ndipo utuambie kama Simbo hakuna Krismasi.