Mikutano ya madevelopa inazunguka Dar, Arusha na Zanzibar. Tunduma je?

Ukiwa Tunduma, simu yako inaweza kukurudisha nyuma saa nzima bila kukuuliza. Unasogea hatua chache kuelekea mpakani, simu inanasa mnara wa Zambia, na saa iliyokuwa inasoma saa 4 asubuhi ghafla inasoma saa 3. Tanzania iko saa moja mbele ya Zambia, na mawimbi ya simu hayajui mpaka uko wapi.

Kwa mkazi wa Tunduma hilo ni jambo la kawaida. Kwa mtu anayetengeneza programu za kompyuta, huo ni mtihani. Hati iliyotumwa saa 4 kutoka upande wa Tanzania inapokelewa saa 3 upande wa Nakonde. Mfumo ukiandikwa bila kulifikiria hilo, kumbukumbu zitaonyesha lori limefika kabla halijaondoka.

Na huo ni mtihani mdogo. Tunduma ina mingine mikubwa zaidi, ya ushuru, ya pesa na ya mawasiliano, na yote iko ndani ya eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa bodaboda. Ndiyo maana swali linakuja: kwa nini watu wanaotengeneza mifumo hii wanakutana kila mahali isipokuwa karibu na hapa?

Ramani ya mikutano

Tanzania si ngeni kwa mikutano ya teknolojia. Agosti 2018, Dar es Salaam ilipokea FOSS4G, mkutano wa dunia wa watengenezaji wa programu huria za ramani. Novemba 2023 ikawa zamu ya Zanzibar, iliyoandaa DjangoCon Africa ya kwanza kabisa, mkutano wa wanaotumia zana ya kutengenezea tovuti na mifumo inayoitwa Django. Mkutano huo ulirudi tena nchini Agosti 2025, safari hii Arusha.

Kwa upande wa serikali, Tume ya TEHAMA ina kongamano lake la kila mwaka, na Dar es Salaam imekuwa mwenyeji mara kadhaa.

Hizo ni habari njema. Kijana wa Kitanzania aliyekuwa akiwafuata wataalamu wa nje kwenye YouTube sasa anaweza kukaa nao meza moja, nchini mwake.

Lakini angalia ramani kutoka Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe. Kutoka Tunduma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 1,000. Zanzibar, ongeza na boti. Kijana wa huku akijumlisha nauli ya kwenda na kurudi, malazi na chakula, anaweza kuona bora anunue laptopu iliyotumika akajifunze mwenyewe nyumbani.

Jengo moja, mifumo miwili

Oktoba 5, 2019, Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Wazo lake ni rahisi. Badala ya lori kusimama mara mbili, kutoka nchi moja halafu kuingia nyingine, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja. Mzigo unaokwenda Zambia unamalizana na pande zote mbili Nakonde. Unaoingia Tanzania unamalizana nazo Tunduma.

Hivyo maofisa wanaweza kukaa chini ya paa moja, lakini kompyuta zilizo mbele yao hazitumii mfumo mmoja. Tanzania inatumia TANCIS, ulioanza kazi 2014 na kujengwa kwa utaalamu wa Korea Kusini. Zambia inatumia ASYCUDA World, mfumo wa shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD. Kongo nayo, ambako mizigo mingi ya Tunduma inaishia, inatumia mfumo huo huo wa UNCTAD ikiuita kwa jina lake la Kifaransa, Sydonia.

Chukua mfano wa dereva aliyebeba kontena kutoka bandari ya Dar kwenda Lubumbashi. Mzigo ni ule ule na lori ni lile lile, lakini njiani taarifa zake zinapita kwenye mifumo ya nchi tatu. Kila sehemu ambayo taarifa inabidi iandikwe upya kwa mkono, kuna nafasi ya kukosea namba moja ya kontena. Namba moja tu inatosha kulisimamisha lori.

Hapo ndipo maneno "mfumo umegoma" yanapogeuka kuwa hela. Dereva anakula posho ya siku za ziada, utingo analala chini ya trela, mwenye mzigo anapiga simu kila baada ya nusu saa, na wakala wa forodha anabaki kulaumiwa kwa kosa ambalo pengine si lake.

Wakala huyo anaujua udhaifu wa mifumo kuliko mtu yeyote. Anajua ni kipengele gani kinawachanganya watu na ni saa ngapi mtandao unazidiwa. Lakini kwenye mkutano wa madevelopa hayupo. Anachokijua kinaishia dirishani.

Shilingi, kwacha na laini mbili

Ukienda kwenye pesa, mambo ni yale yale. Tanzania kuna M-Pesa ya Vodacom, kuna Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, na mingine. Ukivuka Nakonde unakutana na MTN, kampuni isiyotoa huduma za simu Tanzania. Airtel ipo pande zote mbili, lakini kuwa na laini ya kampuni moja hakufanyi shilingi kuwa kwacha. Mfanyabiashara mdogo anayevuka na mchele au nguo anatembea na laini mbili, na wabadilisha fedha wa mitaani wanaendelea kufanya kazi ambayo simu ingeweza kuifanya.

Januari 1, 2013, Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye sarafu yake. Kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Mifumo iliyokuwa ikishika hesabu za kwacha ilibidi irekebishwe. Kwa mwanafunzi wa kompyuta hilo ni somo zuri kuliko mifano mingi ya vitabuni: usiandike programu ukidhani pesa ya jirani haitabadilika.

Hayo yote yapo Tunduma, na yamekuwepo miaka yote.

Mji mdogo si kisingizio

Wapo watakaosema Tunduma ni mji wa malori, si mji wa teknolojia. Hoja hiyo inakwama kwenye historia ya Django yenyewe, zana iliyowaleta watu Zanzibar na Arusha.

Django haikuzaliwa San Francisco wala New York. Ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani. Watengenezaji wa tovuti wa gazeti hilo walikuwa wanabanwa na muda, kwa sababu mhariri anataka ukurasa mpya leo, si mwezi ujao. Wakatengeneza zana ya kuwarahisishia kazi, na mwaka 2005 ikatolewa bure kwa dunia nzima.

Lawrence hadi leo ina watu wasiofika 100,000. Tunduma, kwa sensa ya 2022, ina zaidi ya 200,000.

Kwa hiyo ukubwa wa mji si tatizo. Lawrence ilikuwa na tatizo halisi lililohitaji jibu haraka, na ilikuwa na watu wenye ujuzi waliokaa karibu na tatizo hilo. Tunduma ina la kwanza kwa wingi. La pili ndilo linalohitaji kujengwa.

Waandaaji nao wana hoja

Si haki kuwatupia waandaaji lawama zote. Mikutano mingi ya programu huria inaandaliwa na watu wanaojitolea, wenye kazi zao nyingine. Wadhamini wanataka ukumbi mkubwa. Wageni kutoka nje wanataka ndege ya moja kwa moja, na ukimtajia mgeni Zanzibar, nusu ya kazi ya kumshawishi imeisha.

Songwe haina urahisi huo. Hata Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika Desemba 2012, uko Mkoa wa Mbeya, si Songwe. Ukitua pale bado una safari ya barabara kwenda mpakani, kwenye njia ile ile ya malori.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haifanywi. Mkutano ukiitwa wa kikanda, maana yake ni watu wa nchi zaidi ya moja. Tunduma, hilo linatimia kwa miguu. Kijana wa Nakonde yuko karibu zaidi na Tunduma kuliko na Lusaka, iliyo umbali wa kama kilomita 1,000. Mzambia haitaji viza kuingia Tanzania. Reli ya TAZARA inapita hapo hapo ikiziunganisha Dar na Kapiri Mposhi. Na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unafika Tunduma na kuungana na Zambia, kwa hiyo hata nyaya za intaneti zilishakubali kwamba hapa ni njia panda.

Teknolojia peke yake haitoshi

Tusijidanganye kwamba madevelopa wakikutana siku 3 foleni itaisha. Mengine yako nje ya uwezo wao.

Kubadilishana taarifa za watu na mizigo kunagusa sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zambia ina ya kwake ya 2021. Anayetaka kutengeneza aplikesheni ya kuwaunganisha wasafirishaji wa pande mbili lazima azisome zote.

Kuna pia suala la intaneti yenyewe. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania na ikakaa hivyo siku kadhaa. Uwe na msimamo gani kuhusu uamuzi huo, kwa mtengeneza mifumo somo ni moja: programu ya mpakani inayotegemea mtandao kila sekunde ni programu inayosubiri kuanguka. Inatakiwa iweze kuhifadhi kazi kwenye kifaa na kuituma mtandao ukirudi.

Hata biashara ya kawaida mpakani inaweza kusimama ghafla. Mei 2020, wakati wa korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya maambukizi kuongezeka mjini humo. Kinachohitajika siku kama hizo ni taarifa sahihi kumfikia dereva kabla hajafika kwenye foleni, na hiyo ni kazi ambayo vijana wenye simu na ujuzi wanaiweza.

Kinachowezekana kuanzia sasa

Hakuna haja ya kusubiri ukumbi wa watu 1,000 ujengwe Tunduma. Mikutano hii ina sehemu ambazo zinahamishika kirahisi.

Ya kwanza ni siku za mwisho za mkutano, ambazo watu huacha hotuba na kukaa kwenye meza kurekebisha programu pamoja. Hazihitaji jukwaa. Zinahitaji umeme, intaneti na meza. Mbeya, umbali wa kama kilomita 100, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST). Mkutano mkuu ukifanyika pale, siku moja ya kazi inaweza kuhamia mpakani, mawakala, madereva na wanawake wanaovusha biidhaa ndogondogo wakiwa mezani wakieleza wanapokwama.

Ya pili ni mafunzo ya siku moja kwa wanaoanza. Django Girls, yaliyoanzia Berlin 2014, yanawafundisha wanawake kutengeneza tovuti yao ya kwanza bila malipo na bila kuhitaji uzoefu. Ni mtindo unaoweza kufanyika kwenye darasa la shule ya sekondari Vwawa au Tunduma.

Ya tatu ni nauli. Mikutano mikubwa huwa na mfuko wa kuwasaidia wasiomudu gharama. Tangazo la mfuko huo likija kwa Kiingereza tupu na kuishia kwenye makundi ya mtandaoni ya watu wa Dar, wa Songwe hatalijua. Kulitafsiri kwa Kiswahili na kulipeleka vyuoni hakuna gharama kubwa.

Nani anashika kalamu

Songwe ni mkoa mchanga, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Vijana wake wamekua wakiangalia mizigo ya nchi nyingine ikipita mlangoni kwao. Wengi wamepata riziki pembeni ya barabara hiyo: chakula cha madereva, vipuri, kubadilisha fedha, uwakala.

Sasa kazi hizo zinahamia kwenye simu, moja baada ya nyingine. Anayefahamu forodha ya Tunduma akijifunza kutengeneza mfumo, anaweza kubaki kwenye biashara hiyo akiwa na nafasi kubwa zaidi. Asipojifunza, mfumo utatengenezwa Dar, Lusaka au Seoul na mtu ambaye hajawahi kulala kwenye foleni, na yeye atapewa tu neno la siri la kuingilia.

Waandaaji wa mkutano ujao wakikaa kuchagua mji, ufukwe na mlima vitakuwa mezani kama kawaida. Wauweke na mpaka.