Fedha za Umma Zifungue Mlango, Zisinunue Urafiki

Anayedai haki ya kura na kuisahau haki ya mgonjwa amedai nusu ya haki. Kwa hiyo twaunga mkono matumizi ya fedha za umma kuwawezesha Wakenya wanaounda vifaa na mitambo ya tiba kuwafikia wanunuzi: kaunti 47, hospitali za rufaa na zile za misheni. Lakini twaunga mkono kwa masharti.

Fundi wetu hakukosa akili, amekosa mlango. Zabuni humtaka aonyeshe uzoefu ambao hawezi kuupata pasipo zabuni. Vipimo vya ubora vina gharama kubwa. Na akiisha kuuza, kaunti huchelewa kumlipa. Kampuni kubwa ya ng'ambo yaweza kungoja. Karakana ndogo hufungwa.

Mwaka 2015 serikali kuu ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa kwa hospitali 98, nyingi zikiwa za kaunti. Mabilioni yakaenda kwa kampuni za kigeni. Mwaka 2020 kamati ya Seneti ilieleza kwamba baadhi ya vifaa hivyo vilikaa bure kwa kukosa umeme au wataalamu. Aliyenunua hakumsikiliza atakayetumia.

Hata hivyo, uzalendo si kipimo cha ubora. Mwaka 1990 Kemron ilitangazwa kwa shangwe kuwa tiba ya Ukimwi iliyopatikana Kenya. Majaribio ya baadaye hayakuona faida yake. Wala uzalendo si kinga ya ufisadi. Katika kashfa ya KEMSA ya mwaka 2020, kampuni zilizopewa zabuni za vifaa vya korona bila kufuata sheria zilikuwa za Wakenya wenzetu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, fedha hizo zigharimie vipimo na majaribio hospitalini, zisitiwe mfukoni mwa mwenye kampuni. Pili, majina ya wanaofadhiliwa, pamoja na wamiliki halisi, yachapishwe. Kifungu cha 227 cha Katiba chataka ununuzi wa haki, wazi na wa ushindani, na Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari. Tatu, kaunti zilipe kwa wakati, maana deni lisilolipwa hubatilisha kila msaada.

Nasi waumini tusinyoshee serikali kidole peke yake. Tangu mwaka 1986 makanisa, Katoliki na Kiprotestanti, yamekuwa na shirika lao la dawa na vifaa, MEDS. Sisi pia ni wanunuzi. Hospitali zetu na ziwe za kwanza kumfungulia mlango fundi aliyepimwa akafaulu.

Kaunti yako itakapoita wananchi kujadili bajeti, nenda. Uliza ni nani aliyeuza kitanda cha wodi ya wazazi, kwa bei gani, na kama amelipwa. Usiondoke kabla ya kujibiwa.