Kura Nyingi, Viti Vichache

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hupendwa sana nyakati za uchaguzi, hasa na aliyeshinda. Je, aliyeshindwa akiwa ndiye mwenye kura nyingi?

Ndugu zetu wa Zanzibar waliionja shubiri hiyo. Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura zote, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Hizbu na ZPPP, walioungana, walipata viti 18 wakaunda serikali. Hapakuwa na kiini macho. Sheria ya wakati wa Waingereza ilihesabu majimbo, si vichwa. Afro-Shirazi walirundika kura nyingi mno katika majimbo yao, na wenzao wakayachukua mengine kwa tofauti ndogo. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba, na mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Si viti peke yake vilivyomwaga damu, kwani zilikuwako chuki za ardhi na za asili pia. Lakini waama, serikali ile ilizaliwa bila ridhaa ya wengi.

Vyama vingi viliporudi, mambo yalibadilika sura tu. Mwaka 1995 Dakta Salmin Amour alitangazwa Rais kwa asilimia 50.2, naye Maalim Seif Sharif Hamad akapewa 49.8. Nusu ya nchi ikatwaa vyote, nusu ya pili ikabaki mikono mitupu. Baada ya uchaguzi wa 2000 nao kuleta ugomvi, Januari 2001 waandamanaji waliuawa Pemba, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari wakatua hapa kwetu Shimoni. Basi msomaji asidhani haya ni ya jirani.

Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja: chama cha pili kipate Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa salama. Ila mwaka 2015 matokeo yalifutwa kabla hayajatangazwa yote, na CUF wakasusia marudio ya 2016. Ugomvi ukarudi pale pale.

Funzo ni mawili, wala moja halitoshi. Aliyeshindwa apewe sehemu yake, na mizani iaminiwe na wote. Kugawana nyama hakusaidii ikiwa mpimaji anashukiwa.