Mgeni mpe jembe, hata akiwa Mjerumani

UPEPO WA ZIWA
Na Akinyi Ochola

Mwaka 1962 kijana wa miaka 17 kutoka Bondo alifika Ujerumani Mashariki. Babake, Jaramogi Oginga Odinga, alikuwa akiwatafutia vijana wetu nafasi za masomo katika nchi za kambi ya Mashariki, huku Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwani Rusinga, akiwapeleka wengine Marekani kwa ndege. Waliokwenda na Mboya angalau Kiingereza walikuwa nacho. Kijana huyo, Raila Odinga, alilazimika kuketi kwanza katika Taasisi ya Herder mjini Leipzig akifundishwa Kijerumani, ndipo akaenda Magdeburg kusomea uhandisi. Alihitimu mwaka 1970. Alipozikwa Kang'o ka Jaramogi Oktoba 2025, taifa zima lilimlilia mwanasiasa. Mimi nilimwaza pia yule kijana wa Leipzig, na wale watu tusiowajua waliomwelekeza dukani na kumrekebisha matamshi.

Siku hizi wasafiri wanatoka upande wa pili. Tangu 2008 serikali ya Ujerumani ina mpango unaoitwa weltwärts, wa kuwatuma vijana wa miaka 18 hadi 28 kujitolea ng'ambo, na baadhi yao huja Kenya. Wengi wao ndio kwanza wamemaliza shule, hawajawahi kulala mbali na mama zao. Huku kwetu Usenge, kando ya Ziwa Victoria, tulimpokea mmoja, binti wa miaka 18, na tangu hapo nina maoni makali kuhusu namna tunavyowakaribisha wageni wa aina hiyo.

Tunawakaribisha vibaya kwa kuwakirimu kupita kiasi. Mgeni anawekewa kiti kizuri chini ya mwembe, ananunuliwa soseji na soda, anapigwa picha na kila jirani. Siku hiyo hiyo anapewa jina la Kijaluo, eti sasa ni mwenzetu. Kisha anatafutwa mtu mwenye Kiingereza cha kueleweka aketi naye. Kiingereza cha binti wetu kilikuwa cha shule, na chetu ni cha shule. Tukabaki kuulizana kuhusu mvua na idadi ya ndugu, kama watahiniwa wa mtihani wa mdomo. Mama mkwe wangu, ambaye ana Kijaluo tu na Kiswahili cha sokoni, alipita mbele yetu mara kadhaa akitutazama, akaguna, akarudi jikoni.

Aliyetutoa hapo ni omena.

Asiyejua ufuo wetu aelewe hivi: usiku wa giza mashua huingia ziwani na taa, samaki wale wadogo huifuata nuru, na alfajiri wanawake huwanunua na kuwaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Jua likiwa kali, hukauka siku hiyo hiyo. Mvua ikiwakuta hapo, bei inaanguka, na omena waliokusudiwa mezani wanaishia kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo wingu likitanda upande wa kisiwa cha Mageta, hakuna mwanamke anayesubiri kuombwa. Siku moja lilipotanda, mama mkwe alimtupia binti wa watu karai na kuonyesha kwa kidevu. Binti akakimbia. Alikusanya, akamwaga nusu, akakemewa kwa Kijaluo kizito, akacheka, akakusanya tena. Jioni alikuwa ananuka samaki kama sisi sote, amekaa jikoni juu ya kigoda, na mama mkwe anamfundisha kupika omena kwa nyanya na vitunguu. Alikula na vichwa vyake. Soseji zikaliwa na watoto.

Tangu hapo wawili hao hawakuhitaji mkalimani kwa mambo ya kila siku. Watoto wa boma walimfundisha kuhesabu kwa kuhesabu gorogoro, na wakimsikia amekosea walimcheka palepale, jambo ambalo sisi watu wazima tuliliona ni kukosa adabu. Lakini mtoto hukucheka kisha akakurekebisha. Mtu mzima hutabasamu akakuacha na kosa lako.

Methali yetu ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu hutajwa kama fumbo la kumfukuza mtu. Mimi naiona kuwa ukarimu wenyewe. Aliyeketishwa kitini ni mtazamaji. Mwenye karai mkononi ana haki ya kukemewa.

Yapo mambo ambayo ishara za mikono hazitoshi, na hapo sina mzaha. Eneo letu lina malaria, na maji ya ziwa yana kichocho. Dawa anazokunywa mgeni, chakula kinachomdhuru, sehemu za ufuo asizopaswa kuingia majini, na haki yake ya kumkatalia kijana anayemsumbua: haya yaelezwe kwa lugha anayoielewa barabara, tena siku ya kwanza, hata ikibidi kumpigia simu mwalimu aliye mjini. Pia wenyeji wakanywe mapema wasimfanye mfadhili. Mtoto wa miaka 18 kuombwa karo na watu ambao hawezi hata kuwajibu ni mzigo usio wa umri wake.

Halafu kuna mgeni mwingine, ambaye hakuna anayempiga picha. Vijana kutoka upande wa Uganda hufika fuo zetu kutafuta kazi kwenye mashua, wengine wakiwa hawajui neno la Kijaluo, na Kiswahili chao ni cha kuokoteza. Hao kazi tunawapa mno. Kiti na sahani ndivyo tunavyowanyima. Nyumba iliyohangaika kumtafutia Mjerumani chandarua inajua vizuri kijana wa mashuani analala wapi.

Likizo ya Agosti ikikaribia, huenda shule au kanisa likakuomba umpokee kijana wa kigeni. Kubali. Usikope fedha za soseji, wala usimnyime mama mkwe nafasi ya kumkemea. Na msimu wa uvuvi wa omena ukiwa umefungwa, yaani Aprili hadi Julai, bado kuna mahindi ya kupukuchua. Ukimaliza kupanga chumba chake, shuka ufuoni umwalike na yule wa kutoka Uganda aje kula.