Upele Si Aibu ya Mchuma Chai

Mchuma chai wa Kericho na Bomet akijikuna, huitwa mchafu. Twakanusha! Upele huletwa na mdudu mdogo mno achimbaye ngozi na kutaga mayai humo. Huenea upesi watu wanapobanana chumba kimoja. Aambukizwaye mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa; kumtibu mmoja na kuwaacha wenzake wa nyumbani ni kazi bure. Methali yasema upele hupewa asiye na kucha. Sisi kucha tunazo: Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu haki ya afya na makao yafaayo. Makanisa yasihubiri sabuni pekee. Twadai dawa kwa nyumba nzima siku moja, na vyumba vya kutosha.