Jua la Kalemie na Safari Zetu



Wapendwa vijana, kila mmoja wetu amekwisha kuiona siku ile. Asubuhi wauza esansi wa kando ya barabara, wale tunaowaita makadhafi, wanapanga chupa zao kama kawaida. Ifikapo saa sita chupa zimepungua, na bei ya jana haikubaliwi tena. Habari inaenea kwamba boti lililotarajiwa kutoka Kigoma halijafika. Jioni motari anatoza nauli maradufu kutoka sokoni, mama mwenye kikapu cha ndakala anaamua kutembea, na wanakwaya wa mtaa wa mbali wanakosa mazoezi. Si kosa la yeyote kati yao. Ndivyo mji wetu ulivyopangwa: mnyororo ukikatika mahali fulani mbali nasi, miguu yetu nayo husimama.

Tuutazame mnyororo wenyewe. Nchi yetu huchimba mafuta huko Muanda, kwenye Bahari ya Atlantiki, lakini huyauza nje yakiwa ghafi, kwa kuwa kwa miaka mingi sasa hatuna kiwanda kinachoyasafisha. Esansi na mazutu tunayotumia yanatoka ng'ambo. Hushushwa Dar es Salaam, husafirishwa hadi Kigoma kwa malori au kwa reli ile iliyofika huko mwaka 1914, ndipo huvushwa ziwa. Katika kila kituo yupo anayelipwa, na mara nyingi yupo anayelipwa bila kustahili. Mwishoni mwa njia yote hiyo amesimama motari wa Kalemie, mwenye deni la pikipiki, akilipa kwa ajili ya wote.

Ndugu zetu wa Bujumbura, huko kaskazini mwa ziwa hili hili, wametuonyesha miaka ya karibuni mambo yanavyoweza kuharibika zaidi: magari yamepangwa foleni usiku kucha mbele ya vituo visivyo na tone, na watu wanakwenda kazini kwa miguu. Kuna mfano wa Injili unaotujia kila tunaposikia habari hizo, ule wa wanawali kumi. Msomaji mmoja atatupinga papo hapo: wale watano wenye busara walisifiwa kwa sababu walikuwa na mafuta! Ni kweli. Lakini walikuwa nayo katika vyombo vyao wenyewe. Wapumbavu ndio waliolazimika kukimbilia kwa wauzaji usiku wa manane.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuchimba mafuta yetu papa hapa. Julai 2022 serikali ilifungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, na miongoni mwake vilikuwamo vya bonde la Tanganyika. Oktoba 2024 mnada wa vitalu hivyo vya mafuta ulifutwa. Mnada ulifutwa, wazo halikufutwa, nalo litarudi siku bei itakapopanda duniani. Hapo vijana wa Kalemie wakumbuke jambo moja ambalo shule hulifundisha haraka mno. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yasiyoganda juu ya uso wa dunia imo ndani yake. Maji hayo yana mto mmoja tu wa kutokea, nao ni Lukuga, unaopita hapa kwetu. Maji yanayoingia ziwani hukaa humo karne kadhaa kabla ya kuufikia mto huo. Mafuta yakimwagika katika ziwa la namna hiyo, wajukuu wa wajukuu wetu watayakuta bado, na yatakapotoka yatatokea mlangoni petu.

Kwa hiyo sisi tunaelekeza macho juu, na si kwa sala tu. Katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba teknolojia zinazotegemea makaa ya mawe, mafuta na gesi zinapaswa kuachwa hatua kwa hatua, bila kuchelewa, na kwamba usafiri wa umma upewe nafasi ya kwanza katika miji. Juni 2024 aliagiza pia ujengwe mtambo wa umeme wa jua huko Santa Maria di Galeria, nje ya Roma, kwa mahitaji ya Vatikani. Roma ina siku nyingi za baridi kuliko Kalemie. Yafaa tuone haya kidogo.

Je, jambo hili lawezekana kwa watu wa kawaida? Jibu tunalo ziwani, nalo ni zuri kuliko hotuba yoyote. Wazee wetu wanakumbuka usiku usio na mwezi ulivyojaa karabai, taa zilizokunywa mafuta ya taa hadi alfajiri ili kuwavuta ndakala kwenye wavu. Mafuta hayo yalikula faida ya mvuvi kabla hajafika ufukoni. Kisha, bila amri ya serikali wala semina ya mradi, wavuvi walianza kuziacha karabai. Walinunua taa ndogo za umeme, wakaziunganisha na batri, na batri wakazichaji mchana, wengi wao kwa paneli ya jua juu ya paa la nyumba. Hawakuhubiri juu ya tabianchi. Walipiga hesabu tu, wakaona kwamba jua halipandishi bei. Leo ukisimama usiku juu ya kilima na kutazama mwanga ule mweupe juu ya maji, unatazama mji mzima wa watu walioliacha pipa la mafuta kwa hiari yao. Tukiri pia kwamba jambo hilo lina kivuli chake: taa rahisi zimeongeza idadi ya taa, na ndakala hawaongezeki kwa kasi hiyo.

Usafiri waweza kufuata njia ya taa, mradi tujifunze kwa waliotangulia. Februari 2016 kampuni ya Kiira Motors ya Uganda iliwaonyesha wananchi wa Kampala basi la Kayoola, lenye viti 35, likiendeshwa kwa umeme na kubeba paneli za jua juu ya paa lake. Afrika nzima ilishangilia, nasi tulishangilia. Lakini basi lile liliweza kwenda kilomita 80 hivi, na paa la basi ni dogo mno kulisha tumbo la basi. Mabasi yaliyofuata ya kampuni hiyo hayabebi tena paneli, huchajiwa kituoni. Fundisho ni kwamba jua likusanywe juu ya paa lisilotembea, kisha chombo kije kunywa hapo. Kigali wameendeleza wazo hilo kwa pikipiki: tangu 2019 wamotari wa huko huingia kituoni, wakaacha batri iliyokwisha, wakapewa iliyojaa, wakaondoka baada ya dakika chache.

Kalemie haina mabasi makubwa, na kwa barabara hizi tusijidanganye kwamba yatakuja kesho. Usafiri wetu wa umma ni pikipiki. Basi tupige hesabu kama wavuvi. Pikipiki ya umeme hutumia takriban kilowati-saa 3 hadi 4 kwa kilomita 100. Paneli moja ya wati 400, kwa jua la kwetu, hutoa karibu kilowati-saa 2 katika siku njema ya kiangazi. Paneli mbili au tatu zinamtosha motari mmoja kwa kilomita 100 za siku. Masika, mawingu yakitanda, hesabu hupungua, ndiyo maana hatusemi tuanze na pikipiki mia. Tunasema tuanze na tano, chini ya paa ambalo tayari lipo. Tazameni mabati ya kanisa lenu, ya shule ya parokia, ya ukumbi wa mikutano: mchana kutwa yanapokea moto wa jua na hayafanyi nalo kitu ila kutupikia waamini katika Misa ya pili.

Umeme wa maji wa Bendera nao ni zawadi, na ukiwapo utumike. Lakini mtambo ule ulijengwa enzi ya Wabelgiji kwa mji mdogo kuliko huu wa leo. Kuhusu boti za kwenda Moba, na treni ya Kabalo, tuseme wazi kwamba bado zitahitaji mazutu kwa muda. Safari ni ndefu na mizigo ni mizito. Anayeahidi yote kwa mara moja anatafuta kura.

Sasa tufike mahali panapouma. Makadhafi ni akina nani? Wengine ni wadogo zetu. Wapo katika Xaveri, wapo katika Kiro, wapo wanaoimba nasi Jumapili na kuuza chupa Jumatatu ili walipe masomo. Mpango wowote wa jua utakaowaacha kando ya barabara na chupa tupu hautakuwa wa Injili. Wao ndio wanaojua njia za mji, saa za wateja na hesabu ya faida ndogo. Wao ndio wangepaswa kufundishwa kutunza vituo vya kuchajia. Vivyo hivyo motari: leo kila jioni humpelekea mwenye pikipiki malipo ya siku, iwe alipata abiria au hakupata. Tukimletea pikipiki ya umeme iliyo mali ya tajiri yule yule, tumebadili kinywaji cha mashine, hatukubadili maisha ya mtu. Tunapendelea ushirika wa wamotari wenyewe, parokia ikitoa paa na uaminifu wa hesabu, na pikipiki ziwe zao baada ya muda uliokubaliwa. Uaminifu wa hesabu tumeutaja makusudi. Tunajua fedha za makundi yetu zilivyowahi kupotea.

Pia hatuwezi kuzungumzia batri kana kwamba zinaota juu ya miti. Kobalti nyingi ya dunia hutoka Lualaba, mara nyingine kwa mikono ya watoto. Na katika mkoa wetu wenyewe, huko Manono, imelala lithiamu ambayo makampuni ya kigeni yameigombania mahakamani. Mji ule ulichimbwa bati kwa miaka mingi, ukaachiwa mashimo. Una pia jambo la kutia moyo: mtambo wa jua wa megawati 1, wenye batri zake za kuhifadhi umeme, ulianza kazi huko mwaka 2018. Kwa hiyo ndani ya mkoa mmoja tuna madini ya batri, tuna jua, tuna watu wenye haja ya kusafiri, na bado tunasubiri boti la esansi. Tunapodai pikipiki za umeme Kalemie, tudai kwa sauti ile ile kwamba mchimbaji wa Manono alipwe haki yake na kijiji chake kiachiwe maji safi. Kijana asiyetaka kuzungumzia Manono asituambie habari za nishati safi.

Hatari ya mwisho iko sokoni. Paneli bandia zimejaa, zenye namba kubwa mgongoni na nguvu ndogo ndani. Batri zilizochoka huko ng'ambo huletwa kwetu na kuuzwa kama mpya, na zikifa asidi yake humwagwa mtaroni, mtaro ukaipeleka ziwani. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alikuwa kijana kama ninyi, mfanyakazi wa ukaguzi wa bidhaa mpakani Goma. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingie nchini, naye akauawa Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri huko Roma. Tungependa vijana wachache wa parokia zetu wajifunze kupima paneli na batri kwa kifaa, ili jumuiya isinunue kwa macho, na wakatae kutia sahihi kwenye kitu kibovu hata kikiletwa na mfadhili.

Tunaomba kila kundi lifanye kazi moja mwezi huu. Waulizeni wamotari kumi wa mtaa wenu, kwa heshima na bila kuwachelewesha: wanakwenda kilomita ngapi kwa siku, wananunua lita ngapi za esansi, wanabakiwa na nini jioni. Pimeni paa la kanisa lenu, urefu na upana, na mwandike upande linakoelekea na miti inayolitia kivuli. Waulizeni na makadhafi wawili au watatu wangependa kufanya kazi gani. Karatasi hizo ziletwe kwa kamati ya walei kabla ya tarehe 1 Septemba, siku ya kuombea utunzaji wa uumbaji, nasi tutazisoma pamoja baada ya Misa.