WAZIRI MKUU HUTOKA WAPI?

Ndugu Mkulima,

Wakulima wa Nkoroi wanaofika ofisini kuandikisha mashamba, wakingoja zamu yao, huzungumza siasa, na swali moja halikosi: cheo cha Waziri Mkuu kikirudi Kenya, nani atampigia kura? Wengi hudhani ni sisi raia, kama tunavyomchagua Rais. Sivyo, na yafaa tulielewe jambo hili kabla hatujaombwa tena kubadili Katiba.

Tazama chama cha ushirika. Wanachama huchagua halmashauri katika mkutano mkuu, nayo halmashauri humchagua mwenyekiti miongoni mwao. Halmashauri ikimkataa, hana kiti. Serikali ya Bunge ni vivyo hivyo. Raia huchagua wabunge. Kiongozi anayeungwa mkono na wabunge walio wengi huitwa na mkuu wa nchi aunde Serikali. Wabunge wakipiga kura kwamba hawana imani naye, huondoka.

Mambo haya tumeyaona hapa kwetu. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ilikataa kuunda Serikali huku Mzee Jomo Kenyatta akiwa kizuizini. Basi Bw. Ronald Ngala wa KADU, akisaidiwa na wajumbe wengine, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Mei 1963 KANU ilishinda, na tarehe 1 Juni Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Cheo hicho kilikwisha tarehe 12 Desemba 1964, nchi ilipokuwa Jamhuri naye akawa Rais.

Kilirudi mwaka wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, marehemu Raila Odinga alipokishika. Rais ndiye aliyemteua, lakini sheria ilimtaka awe mbunge anayeongoza chama kikubwa Bungeni, au muungano wa vyama, na ni Bunge tu lililoweza kumwondoa. Cheo kikaisha 2013, kwa kuwa Katiba ya 2010 haikukiweka.

Wenzetu ng'ambo ya Namanga wana njia yao. Rais wa Tanzania humteua mbunge wa jimbo kutoka chama chenye wabunge wengi, lakini huyo hashiki kazi mpaka Bunge limthibitishe kwa kura.

Cheo cha Mkuu wa Mawaziri, alichopewa Bw. Musalia Mudavadi mwaka wa 2022, ni kitu kingine. Kiliundwa na Rais, na mwenyewe si mbunge. Tusivichanganye.

Mpango wa BBI, uliotaka kumrudisha Waziri Mkuu, ulizuiwa mahakamani, na Mahakama ya Juu ikaufunga Machi 2022. Lakini hoja hiyo huenda ikarudi. Rai yangu ni hii: ikirudi, usiulize kwanza cheo atapewa nani. Uliza nani atampa, na nani aweza kumnyang'anya. Kama ni Rais peke yake, huyo ni mtumishi wa Rais, na mbunge wako hana nguvu juu yake. Kama ni Bunge, lazima ajibu akiulizwa habari za mbolea, maji na hati za mashamba, kwani kesho yake huenda akapigiwa kura.

Wengine husema ni afadhali kumchagua mkubwa kwa mikono yetu wenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mkubwa wa namna hiyo ni vigumu kumwondoa kabla ya miaka mitano, hata akiharibu.

Tena, katika Serikali ya Bunge, mbunge uliyemchagua kwa sababu ya ukoo au pakiti ya unga ndiye atakayekuchagulia mkuu wa Serikali. Kaunti ya Kajiado ina majimbo matano. Kura ya mbunge wetu mmoja yaweza kuinua Serikali au kuiangusha. Mkulima hapandi mbegu asiyoijua. Basi na mbunge tumchague kwa uangalifu huo huo.

Karani wa Kilimo,
Nkoroi